Shajara ya mradi: kubandika upya milango ya karatasi kwenye nyumba ya kupanga, Mino, Japani

Nawaandikia wenzangu wanaopanga nyumba kongwe huku Japani na kukuta wamerithi milango ya shoji iliyochoka. Kazi rahisi nitazipitia haraka. Palipoharibika nitakaa kidogo, maana ndipo pesa ilipopotelea.

7 Oktoba 2023: Hali ilivyo

Nyumba ni ya mbao, haina ghorofa, iko nje kidogo ya mji wa Mino, mkoa wa Gifu. Ina shoji nane zinazotenganisha vyumba viwili na kibaraza cha ndani kinachotazama kusini. Kwa asiyezijua, shoji ni mlango wa kuteleza wenye fremu ya mbao na vijiti vyembamba vilivyopishana kufanya miraba, kisha upande mmoja ukabandikwa karatasi. Karatasi hukaa upande wa nje, kwa hiyo ukiwa chumbani unaona vijiti. Hizi zangu zina ubao chini, kama sm 30 kutoka sakafuni, hivyo karatasi yenyewe inaanzia chini kidogo ya goti.

Karatasi zimekuwa za manjano, mbili zimetoboka, moja imezibwa kwa tepu ya plastiki iliyoacha alama ya kahawia. Fundi wa mtaani ametaja yeni 3,500 kwa mlango, jumla 28,000. Bibi mwenye nyumba hana neno nikifanya mwenyewe, ila ametoa sharti moja: gundi iwe ya kutoka kwa maji. Alilirudia mpaka getini.

Vipimo kabla ya kununua chochote: urefu sm 176, ambao ni shaku 5.8 kwa kipimo cha zamani cha maseremala (shaku moja ni sm 30.3). Upana ni karibu sm 90. Namba hizi zina faida kubwa. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa kufuata shaku, na maroli ya karatasi madukani bado yanakatwa kwa vipimo vinavyoendana nazo. Mtu aliyejenga kabla hujazaliwa na kiwanda kilichofunga roli mwezi uliopita walikubaliana bila kuonana. Nilifurahi kusoma hayo, nikadhani basi roli lolote litakaa. Mtaona.

15 Oktoba 2023: Kuvua na kuosha

Kuvua hakuhitaji hata bisibisi. Mfereji wa juu una kina cha mm 15 hivi, wa chini mm 2 au 3 tu. Unaunyanyua mlango uzame juu, chini inaachia kizingiti, unauvuta kwako. Hakuna bawaba wala skrubu. Mwanangu wa darasa la pili ameuvua mmoja bila kufundishwa.

Kosa la kwanza: nilivua yote nane, nikaiegemeza ukutani bila kuiandika namba. Nyumba kongwe huwa zimeinama kidogo kila moja kwa namna yake, na kila mlango ulikwisha kurandwa kufuata nguzo yake. Kurudisha kukawa kubahatisha: huu unakwama, ule unaacha upenyo wa kidole. Nilipopitisha kitambaa juu ya fremu, kwenye ukingo unaojificha ndani ya mfereji, vumbi likatoka na chini yake pakawa na maandishi ya brashi kwa wino: mashariki, moja, mashariki, mbili, na kuendelea. Seremala alikwisha kufanya kazi hiyo, tena akaiweka mahali ambapo macho hayafiki mpaka siku mlango unapovuliwa. Kwa hiyo, kabla ya kuhangaika na penseli, futa ukingo wa juu kwanza.

Kutoa karatasi: lowesha vijiti kwa sponji upande wa karatasi, subiri dakika kama tano, anza kona ya juu uvute kuelekea chini taratibu. Milango saba ilivuka vizuri, karatasi ikatoka shuka zima. Wa nane, ule wenye tepu, mpangaji aliyetangulia alikuwa amebandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Maji hayakuifanya kitu. Nikaloweka, nikakwangua kwa kisu butu, nikakwangua tena, mwisho kijiti kimoja kikakatika. Hapo nikaelewa kwa nini Bibi alirudia sharti lake.

Kijiti nilikiunga kwa kibanzi cha mwerezi nyuma yake, gundi ya mbao na kamba ya kukaza usiku kucha. Hapo gundi ya mbao inafaa, kwa sababu ni mbao kwa mbao na hakuna atakayetaka kuitenganisha.

Kausha fremu kivulini. Juani hupinda.

22 Oktoba 2023: Karatasi "isiyochanika"

Duka kubwa la vifaa vya nyumba lina ukuta mzima wa karatasi za shoji. Nikachukua roli la upana mzima, sm 94 kwa m 7.2, yeni 2,480, lililoandikwa kuwa ni imara mara kadhaa kuliko la kawaida. Ndani lina nyuzi za rayoni, yaani nyuzi za kiwandani. Nina mtoto, nikaona hapa ndipo penyewe. Kipande kimoja kwa mlango mzima, hakuna maungio, nusu saa kazi imekwisha.

Milango miwili ikapendeza kweli. Gundi ilipokauka nikanyunyiza maji kama inavyoshauriwa, ili karatasi ijikaze, na nilinyunyiza kwa moyo mkunjufu. Asubuhi karatasi ilikuwa imekazika kiasi kwamba ukiigonga kwa ukucha inalia. Tatizo ni kwamba mlango ulikuwa haufungi. Nilipoweka rula ndefu kwenye mwimo wa fremu, katikati palikuwa pameingia ndani mm 5. Ukisogeza mlango hadi kwenye nguzo, juu na chini vinagusa, katikati unaona bustani.

Karatasi ile ilikuwa ni shuka moja, ina nguvu, na ilipokauka ikavuta upande mzima kwa pamoja. Karatasi ya kawaida ingechanika kabla ya hapo, au gundi ingeteleza. Hii haikukubali kushindwa, kwa hiyo ikashindwa mbao. Nimeuwaza sana mlango huu kuliko mingine yote. Aliyeubuni alikwisha kuamua kwamba mbao na karatasi vikigombana, karatasi ndiyo ipoteze, kwa sababu karatasi ni ya kubadilishwa na fremu ni ya wajukuu. Mimi nilikuja na karatasi ya ubabe nikavuruga mpango.

Marekebisho: nikaivua yote miwili, nikalowesha fremu kidogo, nikazilaza juu ya sakafu tambarare na kusukumia nje kwa vipande vya mbao vilivyobanwa katikati. Baada ya wiki, mmoja ulirudi sawa. Wa pili bado una kama mm 1, na naishi nao.

Simsemi mwenye kutengeneza karatasi hiyo. Kwenye fremu nene za kisasa huenda inakaa vizuri. Kwenye vijiti vya zamani vyenye unene wa penseli, achana nayo, au kama huna budi usiikaze wakati wa kubandika na usinyunyize maji.

4 Novemba 2023: Kuitafuta karatasi kwenye kijiji chake

Kuishi Mino na kununua karatasi ya rayoni ni aibu kidogo. Huu ndio mji wa karatasi. Kwenye hazina ya Shosoin kule Nara kuna daftari za kaya za mwaka 702 zilizoandikwa kwenye karatasi ya Mino, na mwaka 2014 UNESCO iliingiza utengenezaji wa washi, karatasi ya Kijapani ya kutengenezwa kwa mkono, kwenye orodha ya urithi usioshikika kwa kutaja karatasi za sehemu tatu: Hosokawa, Sekishu na hapa, hon-minoshi. Basi nikapanda na mwanangu mpaka Warabi, kwenye jumba la makumbusho ya karatasi, ambako mgeni anaruhusiwa kutengeneza shuka lake.

Malighafi ni gome la ndani la kozo, mti wa jamii ya mforsadi. Linachemshwa, kisha watu wanakaa juu ya maji baridi na kuokota kwa vidole kila doa jeusi, nyuzi kwa nyuzi. Baada ya hapo linapondwa na kuchanganywa kwenye sinia la maji pamoja na ute wa mizizi ya tororo-aoi, mmea ulio ndugu wa bamia. Aliyewahi kupika bamia hahitaji maelezo zaidi ya ute huo. Kazi ya ute ni kuzuia nyuzi zisizame haraka na zisijikusanye, ili fundi apate muda wa kutikisa chujio. Mino wanatikisa mbele na nyuma, na pia kushoto na kulia, hivyo nyuzi zinalala zikipishana pande zote. Shuka likikamilika linakaushwa juani juu ya ubao.

Shuka langu lilitoka nene upande mmoja na jembamba upande wa pili. La mwanangu lilikuwa bora.

Jaribio ambalo mtu anaweza kulifanya dukani: omba kipande cha karatasi ya kawaida ya massa ya mbao na kipande cha kozo, chana vyote viwili. Cha kwanza kinachanika mstari safi, ukingo umenyooka. Cha pili kinakataa kwanza, kisha kinaachia kwa kuvutana, na ukingo unabaki na manyoya marefu meupe. Manyoya hayo ndiyo nguvu yenyewe. Pia ndiyo yanayosambaza mwanga.

Karatasi ya kutengenezwa kwa mkono kwa milango minane ilikuwa nje ya uwezo wangu. Nikachukua ya mashine yenye kozo, ambayo bado ina nyuzi ndefu. Na hapa nikala hasara nyingine: nikaomba roli la kipimo cha Mino, sm 28, kwa kuwa niko Mino. Nyumbani, vijiti vya mlalo vikakataa. Fremu zangu zimegawanywa kwa kipimo kingine cha kawaida, hanshi, ambacho ni sm 25. Pima umbali kutoka katikati ya kijiti cha mlalo hadi katikati ya kinachofuata, ndipo uende dukani. Jina la mji halikuhusu. Roli la sm 28 (yeni 1,950) nililipunguza sm 3 kwa urefu wake wote, na vile vipande vyembamba nikavihifadhi. Kisha nikanunua maroli manne ya sm 25, kila moja m 9.4, yeni 1,700.

12 Novemba 2023: Gundi

Nimejaribu aina mbili kwenye fremu halisi, na ya tatu nimeielezea juu, ile ya mbao ya mpangaji aliyetangulia.

Ya tyubu, ya wanga, yeni 330. Ina mdomo mwembamba unaopita juu ya kijiti na kuacha mstari ulio sawa. Haina la kusimulia, inafanya kazi.

Ya kupika mwenyewe, ya unga wa ngano. Kijiko kimoja kikubwa cha unga kwa vijiko vitano vya maji, koroga kwenye moto mdogo mpaka iwe ya kung'aa, poza, chuja. Tuliokulia pwani tukibandika tiara kwa uji tunaijua tangu utoto. Inabandika vizuri na ina raha yake kuipaka kwa brashi. Mara ya kwanza niliifanya nzito, ikatengeneza uvimbe chini ya karatasi na mistari ya kijivu ukiangalia dhidi ya mwanga. Iwe nyepesi kama maziwa mazito, siyo kama ugali uliokosa maji. Nimeitumia kwenye mlango mmoja tu, ili nilinganishe na mingine saba.

Bibi alipita akaonja kwa kidole, akacheka, akasema mama yake alikuwa akitumia mabaki ya wali.

Gundi hizi zote mbili ni dhaifu, na uhodari wake uko hapohapo. Inashika kiasi cha kustahimili upepo na mtoto anayeburuta mlango, inaachia kwa sponji la maji. Mtu akibandika leo anamwachia kazi nyepesi atakayebandua miaka kadhaa baadaye, na mara nyingi ni yeye huyohuyo. Watu wakizungumzia ubunifu wa Kijapani hukimbilia maneno makubwa ya falsafa, wabi-sabi (uzuri wa vitu visivyokamilika na vilivyochakaa) na mengineyo. Kwenye nyumba hii sijamsikia mtu akiyataja. Nilichokiona ni watu waliokaa chini na kuulizana ni sehemu gani ichakae kwanza, kisha wakahakikisha sehemu hiyo ni ya bei rahisi na inatoka kwa urahisi.

25 Novemba 2023: Kubandika

Siku ya mawingu, hakuna upepo, hewa ina unyevu kidogo. Chagua siku kama hii. Karatasi hutanuka ikinyonya unyevu na kujikaza yenyewe ikikauka, na gundi inakupa muda.

Hatua kwa ufupi: laza fremu, upande wa karatasi juu. Kata vipande vyenye urefu wa upana wa fremu na sm 3 za ziada. Anza safu ya chini kabisa. Paka gundi kwenye vijiti vya safu hiyo tu, weka roli upande mmoja, likunjue kuelekea upande wa pili ukilainisha kwa kiganja. Safu inayofuata ipande juu ya ya chini kwa mm 5 hivi, palepale kwenye kijiti cha mlalo ili maungio yajifiche. Endelea kupanda.

Kuanzia chini kuna sababu. Ukianza juu, kila ungio linaacha ukingo unaotazama juu, vumbi linakaa hapo na baada ya mwaka una mistari myeusi kadhaa kwa kila mlango. Ukianza chini, ukingo unatazama sakafu na vumbi halina pa kushika. Wanaoezeka makuti hawahitaji kuambiwa hilo.

Kwenye mlango wa kwanza nilivuta karatasi ikaze. Ikapinda diagonali, nikaibandua ikiwa mbichi na kuanza upya. Iache ilale tu, maji yataikaza.

Sasa kisu. Kingo za ziada zinakatwa kwa rula ya chuma na kisu chenye wembe wa kuvunja vipande, na karatasi ikiwa na unyevu wa gundi haina huruma na wembe butu: inavutwa, inakunjamana, inachanika kuelekea ndani. Milango miwili ya kwanza ina michubuko hiyo. Kuanzia wa tatu nikawa navunja kipande cha wembe kila mlango, bila kujadiliana na nafsi. Kisu cha aina hii kilibuniwa Osaka mwaka 1956 na Okada Yoshio, mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji. Alikuwa akikata karatasi kwa nyembe ambazo huwa butu nchani tu, kisha zinatupwa nzima zikiwa bado kali kwingine kote. Akachora mistari kwenye wembe ili uvunjike pale anapotaka yeye. Kampuni ya OLFA ndiyo iliyozaliwa na wazo hilo, na leo kila fundi wa zulia duniani ana kisu cha ukoo huo mfukoni. Tena ni hesabu ileile ya mlango: mbuni anachagua mahali pa kuvunjika.

Vipande vya wembe uvitie kwenye kopo lenye kifuniko. Mwanangu anatembea peku.

17 Desemba 2023: Maji, na majira ya baridi

Kunyunyiza ni baada ya gundi kukauka kabisa, siyo baada ya kuonekana imekauka. Mlango mmoja niliuharakisha jioni ileile, kona mbili zikaachia, ikabidi nipake gundi kwa kijiti cha meno na kubana kwa nguo. Mingine nilisubiri mpaka kesho yake. Shika chupa mbali, kama nusu mita, ukungu mwembamba uanguke sawasawa. Karatasi inalegea kwanza mpaka unaogopa, inafanya mawimbi kote. Usiiguse. Inapokauka mawimbi yanapotea yote.

Chumbani mwanga umebadilika sana. Jua la Desemba hapa linakuja likiwa chini na kali, zamani lilikuwa linapiga mstari mmoja mkali juu ya tatami, mikeka minene ya sakafuni, na kuacha pembe ya nyuma gizani. Sasa linagonga karatasi, linasambaa, na pembe ya nyuma mtu anasoma bila kuwasha taa hadi saa tisa alasiri. Pia hewa iliyonaswa kati ya shoji na vioo vya kibaraza inasaidia joto lisikimbie. Sikupima, ila jiko la mafuta ya taa halikeshi tena.

Birika likichemka juu ya jiko, karatasi inalegea kidogo usiku na kukaza asubuhi. Nilidhani ni kasoro ya ubandikaji. Ni tabia yake tu.

Ushauri wa mlango kukwama: sugua kizingiti kwa mshumaa.

13 Januari 2024: Matundu

Yalikuja, kama ilivyotarajiwa. Kidole kimoja kwenye mlango wa tatu, na kwenye wa tano tundu kubwa la kichwa cha gari la kuchezea.

Hapa Bibi alinifundisha kitu ambacho kila nyumba ya zamani hapa inakijua. Tundu halizibwi kwa kipande cha mraba kinachojifanya hakipo. Linawekewa kiraka chenye umbo: ua la mcheri au jani la momiji, yaani mti wa mepo. Duka la yeni mia linauza vilivyo tayari, lakini yeye alikunja karatasi na kukata pale pale, na nimemwomba arudie polepole ili niandike.

Chukua mraba wa karatasi ya sm 7, ukunje katikati. Kutoka nukta ya katikati ya mkunjo, gawa ile nusu duara katika sehemu tano zinazolingana, kila moja digrii 36, ukikunja mbele na nyuma mpaka ubaki na pembe moja nyembamba. Mkasi uanzie chini kwenye ukingo mmoja, upande kwa mviringo kuelekea ncha, na kabla ya kufika ukingo wa pili urudi ndani kidogo kufanya mkato mdogo. Fungua: petali tano, kila moja imegawanyika nchani kama ya mcheri. Mkasi wake ulipita mara moja bila kusita. Langu la kwanza lilifanana na kiwavi, kwa sababu nilianzia ukingo usio wake na kuikata katikati yenyewe.

Kibandike kwa gundi ya wanga kutoka nje. Usitumie kibandiko cha plastiki kinachojishika chenyewe kama unafikiria kubandua baadaye.

Mwanangu akauliza kama anaweza kutoboa pengine ili tuweke samaki. Tumekubaliana akate samaki kwanza, kisha asubiri ajali.

3 Machi 2024: Taa ya vipande vya sm 3

Nilikuwa na vile vipande vilivyopunguzwa kwenye roli la sm 28. Gifu ni nchi ya taa za karatasi. Mchongaji Isamu Noguchi alipita hapa mwaka 1951, akaona mafundi wa taa za mianzi na washi, na ndipo zikaanza taa zake za Akari. Hapa Mino maonyesho ya taa za washi yalianza mwaka 1994, na taa hupangwa usiku barabarani mbele ya nyumba za wafanyabiashara wa zamani. Yangu ni sanduku tu la andon, taa ya kizamani ya fremu ya mbao na karatasi: nguzo nne za mwerezi za mm 12, urefu sm 30, na vijiti vya mlalo vilivyokatwa nusu kwa nusu ili vizamiane.

Maungio ya kwanza yalicheza. Msumeno wa Kijapani hukata ukiuvuta, na mimi bado nausukuma nikijisahau, unapinda na kupanua mkato. Tiba ilikuwa kuchora mstari kwa ncha ya kisu badala ya penseli. Mkato wa kisu una kina, meno ya msumeno yanaingia humo na kutulia.

Vipande vya karatasi nikavizungusha vikipandiana. Taa ilipowaka, kila palipopandiana pakawa na mstari wa giza kidogo, sikuwa nimelitegemea hilo. Nilikuwa tayari kuvibandua, mke wangu akakataa.

Balbu ni LED ya joto dogo. Nilijaribu kwanza balbu ya zamani iliyokuwa kabatini, ndani ya jioni moja karatasi ya juu ikaanza kugeuka kahawia. Usijaribu, ni hatari ya moto.

Gharama: mbao 880, soketi na waya 1,650, balbu 600.

6 Julai 2024: Baada ya tsuyu kuingia

Nilitaka kungoja msimu wa mvua kabla ya kusema mradi umefaulu. Mvua imeingia tangu mwishoni mwa Juni na nyumba inanuka unyevu.

Milango saba ya gundi ya tyubu iko salama. Imelegea kidogo, itakaza. Ule mmoja wa gundi ya unga umeota kuvu: vidoa vya kijivu na kijani vimefuata vijiti kwa mstari, hasa kwenye kona ya kaskazini isiyopata hewa. Unga wa ngano una vitu vingi zaidi ya wanga, na kuvu inavipenda. Mafundi wanaotumia gundi ya ngano huosha unga kwanza na kubakiza wanga peke yake. Nimeubandua (dakika kumi na sponji, hapo nilimkumbuka Bibi), nimefuta fremu kwa alkoholi, nimebandika upya kwa tyubu na karatasi iliyobaki.

Hesabu ya milango, bila taa: karatasi ya rayoni iliyopotea 2,480, roli la sm 28, 1,950, maroli manne ya sm 25, 6,800, tyubu mbili za gundi 660, kisu na nyembe 550, brashi, sponji na chupa ya kunyunyizia 330. Jumla yeni 12,770, dhidi ya 28,000 za fundi. Bila kosa la rayoni ingekuwa 10,290. Taa ni 3,130 juu yake.

Kwa atakayeiga: pima umbali wa vijiti, nunua karatasi yenye kozo ya kipimo hicho, gundi ya wanga ya tyubu, na nyembe za akiba. Milango ya kwanza ianze na ile ya chumba ambacho wageni hawaingii.

Bado kuna fusuma mbili za chumba cha nyuma, zile za karatasi nzito pande zote mbili. Ndani zina tabaka juu ya tabaka na kazi yake ni nyingine kabisa, kwa hiyo zitapata shajara yake mwezi wa Novemba.